Malori ya Jumapili

Wanangu mliokuja kwangu Engutoto wiki ile, watatu ndani ya gari la ofisi, mkanywa chai yangu na kumaliza ndizi zangu, mliniomba niwaandikie mambo ya kufurahisha ya kazi yetu ya zamani, ili yasomwe kwenye sherehe ya kuwaaga wastaafu. Nimekaa na kalamu siku nne. Ya kufurahisha yapo, na mawili matatu nitawapa, kwa sababu mliniamkia vizuri na mmoja wenu aliosha vikombe. Lakini nikiandika hayo peke yake nitakuwa nimerudia kosa langu la kazini, yaani kujaza fomu kwa kitu kitakachompendeza aliyeileta.

Kwa hiyo nitawaandikia habari ya njia ya malori ambayo haikujengwa kwenye mwinuko wa Kikatiti, barabara ya Arusha na Moshi. Mhandisi wenu mkuu akiona haifai kusomwa mbele ya wageni, basi isisomwe. Muisome wenyewe mkiwa kwenye gari.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu magari. Nilianza kama karani wa barabarani nikamaliza kama msimamizi wa makarani. Ninyi leo mnafunga kamera juu ya nguzo, mnarudi ofisini, mnakuta hesabu imejipanga. Sisi tulikuwa na macho, ubao wa kuandikia, fomu yenye safu tatu na penseli. Safu ya kwanza gari dogo, ya pili basi, ya tatu lori. Kila gari likipita unachora mstari, la tano linakata minne ya kwanza, basi. Mkidhani ni kazi ya mjinga, kakaeni ukingoni mwa barabara ya Moshi kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, kwenye vumbi la kiangazi, huku kila anayepita anawauliza mnamsubiri nani.

Aliyenifundisha ni Mzee Elifuraha, Mmeru wa pale pale Kikatiti, mrefu, mkavu, mzee wa kanisa katika usharika wao wa Kilutheri. Alivaa koti hata kwenye joto. Mimi nilikuwa binti wa Machame niliyetoka kumaliza kidato cha nne, najiona nimesoma, na siku ya kwanza nilimwambia kwamba kuhesabu najua. Akaniacha nihesabu saa moja. Kisha akachukua fomu yangu akaniuliza, lile gari la mizigo dogo lililobeba watu kumi na wawili na mikungu ya ndizi nimeliweka wapi. Nikasema gari dogo. Akaniuliza, na lile lori lililotoka tupu Arusha na lile lililopanda limejaa saruji, yote mawili ni lori? Nikasema lori ni lori.

"Mwanangu," akasema, "umehesabu mabati. Barabara haijui mabati. Inajua uzito, na inajua nani anamchelewesha nani."

Kisha akanifundisha. Lori tupu linarukaruka mkia kwenye shimo, lililojaa linazama na kuinuka polepole. Angalia springi za nyuma, zikiwa zimenyooka kabisa, huyo amezidisha mzigo. Sikiliza dereva anabadili gia wapi: anayeshuka gia ya chini kabisa kabla hajafika kwenye kalvati, pale maji yanapopita chini ya barabara, ameelemewa, hata kama turubai limefungwa vizuri na utingo anakuchekea. Na kila lori lililojaa, hesabu magari yaliyojipanga nyuma yake, uyaandike pembeni, maana iko siku mtu atakuja kuuliza. Hakuna fomu iliyotaka hayo. Aliyaandika mwenyewe kwa miaka, kwa penseli iliyochongwa kwa kisu.

Huyo ndiye mtu aliyenifundisha kazi, na nataka mlijue hilo kabla sijawaambia lingine alilonifundisha.

Hesabu ya barabara inataka siku saba mfululizo. Sasa, makarani wote tulikuwa watu wa kanisani, Walutheri na Wakatoliki, Wameru, Waarusha na Wachaga. Jumapili hakuna aliyekaa barabarani. Mzee Elifuraha alikuwa na utaratibu wake, aliukuta kwa waliomtangulia: Jumatatu asubuhi anatoa fomu ya Jumapili moja ya zamani, ambayo kweli ilihesabiwa, anainakili na kuongeza kidogo hapa na pale. Nilipomuuliza kama inafaa, alinijibu kwamba Jumapili haihesabiwi, Jumapili inasaliwa, na kwamba Mungu hawezi kumkasirikia mtu kwa kutoandika magari ambayo hayapo.

Na kweli hayakuwapo. Siku hizo malori karibu yote yalikuwa ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Ijumaa jioni yanaingia yadi, Jumatatu yanatoka. Gari dogo alikuwa nalo mkubwa wa serikali, daktari, padri na mzungu. Jumapili mbuzi walilala juu ya lami pale Kikatiti na hakuna aliyewaamsha. Utaratibu wetu ulikuwa uvivu, sikatai, lakini haukuwa uongo. Mabosi walijua. Nao walikuwa kanisani.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Ninyi mmezaliwa humo, hamuwezi kujua ilivyokuwa. Mtu aliyekuwa akiuza vitunguu kwa debe sokoni akawa anaagiza lori la mitumba kutoka ng'ambo, linafika na maandishi ya Kijapani mlangoni, hayafuti, anaona ni pambo. Wachaga wenzangu wakajaa mjini na biashara za saruji, mabati, sukari na vipuri, na kila aliyepata faida kidogo akanunua gari dogo. Nami nilifurahi. Shemeji yangu alinunua la rangi ya maziwa, tukazungushwa nalo Krismasi nzima mpaka likaisha mafuta Usa River tukalisukuma na nguo zetu za sikukuu.

Barabara haikuongezwa hata upana wa kiganja. Pale Kikatiti, ukitokea upande wa Moshi, kuna kipande cha kupanda kutoka bondeni. Malori yanayotoka bandarini yanapanda hapo yakiwa yamejaa, kwa mwendo ambao mwanamke mwenye mzigo kichwani anaweza kuyapita. Nyuma yake magari madogo, sita, nane, kumi, kila mmoja ana haraka ya kufika Arusha kabla mwenzake hajauza. Mmoja anachoka, anachomoka upande wa pili, na mbele haoni. Mabega ya barabara yalikuwa yameliwa na mvua, kwa hiyo waendao kwa miguu walitembea juu ya lami yenyewe, chini ya tuta. Mke wa Mzee Elifuraha, Mama Anaeli, alipita hapo kila siku kwenda sokoni na Jumapili kwenda kanisani, kwa sababu nyumba yao ilikuwa bondeni na kanisa lilikuwa juu. Hakukuwa na njia nyingine isipokuwa kupanda kwenye makorongo, na magoti yake hayakuwa ya kupanda makorongo.

Nikila kwake mchana, siku za kazi, alikuwa akiniambia kwa utani kwamba mume wake anahesabu magari mchana kutwa na hajawahi hata siku moja kuyaambia yapunguze mwendo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mzito wa chumvi. Nilimpenda sana.

Sasa niwape kichekesho kimoja, mpumzike. Wakubwa waliletewa mashine ya kuhesabu: mpira mrefu mweusi unaolazwa juu ya lami, gari likiukanyaga, kisanduku kinahesabu. Tukaambiwa kazi yetu imekwisha. Tukaulaza Kikatiti Jumanne. Jumatano asubuhi kisanduku kipo, mpira haupo. Tuliutafuta siku mbili, tukaukuta kwa muuza dizeli ya magendo, unanyonya mafuta kwenye pipa, naye akatuambia kwa heshima zote kwamba ni mpira mzuri sana, tukipata mwingine tumkumbuke. Mzee Elifuraha alicheka mpaka akakaa chini. Ofisini tukaandika kwamba kifaa kimeharibika, na hesabu ikarudi kwenye macho na penseli. Kama mpira ule ungebaki barabarani, nisingekuwa na haya ya kuwaandikia. Mpira hauendi kanisani.

Basi akaja mchumi kutoka Dar es Salaam, Bwana Hamisi, kijana mwenye miwani, mpole, Mwislamu wa pwani aliyeongea Kiswahili ambacho sisi tulikuwa tunakisikia redioni tu. Alitumwa kufanya upembuzi: je, inafaa malori yatengwe na magari madogo kwenye barabara ya Arusha na Moshi? Alikuwa na mapendekezo matatu. La kwanza, barabara mbili kamili, moja ya malori. La pili, njia ya ziada ya malori kwenye vipande vya kupanda tu, Kikatiti kikiwa cha kwanza, pamoja na mabega mapana ya kutembelea watu. La tatu, kuacha kama ilivyo.

Ofisi nzima tulimzunguka atufafanulie. Alituuliza kama tumewahi kupanga foleni kwenye mashine ya kusaga. Mwenye gunia sita yuko mbele, nyuma yake wako wanawake ishirini wenye kibaba kimoja kimoja. Kila mmoja wao anapoteza asubuhi nzima kwa ajili ya unga wa dakika mbili. Ukiweka mashine ya pili kwa ajili ya wenye magunia, wote wanapona. Lakini mashine ya pili ni ghali, na kama mwenye gunia sita anakuja mara moja kwa wiki, umetupa fedha. Kwa hiyo swali lote ni moja: wenye magunia ni wangapi, na wanakuja lini?

Akatueleza na upande mwingine, ambao sikuwahi kuufikiria. Barabara ya gari dogo inaweza kuwa na tabaka jembamba la lami, ni nafuu. Ya lori lazima iwe nene. Ukiyachanganya, inabidi unenepeshe barabara nzima kwa ajili ya lori, au uiache nyembamba na kuziba mashimo kila mwaka. Lori moja lililozidisha linaiumiza lami kuliko magari madogo ya siku nzima. Mwenye lori halipi tofauti hiyo. Anailipa mwenye gari dogo kwa springi zake, na serikali kwa lami yake, na abiria kwa saa zake. Ukitenga, kila mmoja anabeba uzito wake. Aliyasema bila kupaza sauti, na mimi nikawaza kwamba huu ndio usomi.

Mzee Elifuraha alimletea daftari zake za pembeni, zile za magari yanayojipanga nyuma ya lori. Bwana Hamisi alizifungua, akavua miwani, akazisoma amesimama. Alisema hajawahi kuona karani aliyefanya hivyo. Lakini akaeleza kwamba kanuni za wafadhili zinataka hesabu rasmi ya siku saba, malori yakifika kiwango fulani kwa wiki njia inajengwa, yasipofika haijengwi. Mzee alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Mama Anaeli aliniambia baadaye kwamba alimtoa nje jioni akamwonyesha kwa fimbo mahali mabega ya barabara yatakapopita, na yeye akamwuliza kama migomba yake itakatwa. Akamwambia itakatwa minne. Akasema ikatwe.

Wakati huo nilikuwa tayari msimamizi, naitwa Mama Upendo, na Mzee Elifuraha alikuwa karani chini yangu, jambo ambalo hakulifanya liwe zito. Tulianza hesabu Jumatatu. Niliweka makarani wawili wawili. Mpaka Jumamosi mistari ilijaa, malori kwa malori, Mzee anatabasamu.

Jumapili tulikwenda kanisani.

Hakuna aliyeamua. Hakuna aliyesema twende au tubaki. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Mimi nilisali mjini, na ilikuwa Jumapili ya mavuno. Baada ya ibada tulikuwa na mnada wa vilivyotolewa, nikanunua kuku jike na maboga mawili. Narudi nyumbani kwa miguu, kuku kwapani, nikapita kando ya maghala ya Themi. Malori yalikuwa yamepanga mstari kutoka getini mpaka kwenye kona na kupinda. Vumbi la safari bado liko kwenye vioo. Madereva wamelala chini kwenye vivuli vya matairi, utingo wanafua mashati.

Nilisimama. Mtu aliyehesabu magari muda wote ule hawezi kupita mstari wa malori bila kuelewa. Wenye malori hawakuwa tena mashirika. Wanapakia bandarini Jumamosi asubuhi, wanaondoka, wanalala njiani, wanapanda Kikatiti Jumapili wakati sisi tunaimba, ili Jumatatu alfajiri wawe wa kwanza kushusha mzigo. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yao kubwa kuliko zote. Na hatukuwa na mtu hata mmoja barabarani.

Nilielewa yote hayo nikiwa na kuku kwapani, nikaenda nyumbani kupika.

Jumatatu Mzee Elifuraha alikuwa amekwisha kujaza fomu ya Jumapili, kwa mwandiko wake mzuri, kutoka fomu ile ya enzi za mbuzi. Ameongeza kidogo hapa na pale. Aliniletea nisaini. Nilifikiria kumwambia nilichokiona Themi. Nikafikiria pia kwamba nikisema, itabidi nieleze kwa Bwana Hamisi kwamba Jumapili hatuhesabu, na si hii tu, zote, miaka yote, na jina lililo chini ya zote hizo ni la Elifuraha, mzee wa kanisa, aliyebakiza muda mfupi apate kiinua mgongo chake. Nikajiambia namlinda mzee wangu. Ni kweli nilimlinda, lakini nilijilinda na mimi, cheo kilikuwa bado kipya. Nikasaini.

Bwana Hamisi hakuwa mjinga. Alikuja mezani kwangu ameshika fomu mbili, ya Jumapili hii na ya utafiti wa nyuma.

"Mama Upendo, samahani. Jumapili yenu hii imefanana mno na ile. Mlihesabu?"

"Tulihesabu," nikasema. "Huku kwetu Jumapili ni tulivu, ndugu yangu. Watu wanasali."

Aliinamisha kichwa, akaomba radhi kwa kuuliza. Alikuwa mgeni, wa dini nyingine, na hakutaka kuonekana anaingilia ibada za watu. Nimedanganya mara nyingine maishani, kama kila mtu. Ule ndio uongo pekee ninaoukumbuka na harufu ya wino wa muhuri uliokuwa mezani.

Ripoti ilikuja baada ya miezi. Malori ya Kikatiti yalikuwa chini ya kiwango. Kidogo tu, alichoandika Bwana Hamisi ni kwamba upungufu ni mdogo na hali iangaliwe tena siku za mbele. Aliandika kwa kupendelea njia ijengwe, nilimwona, lakini hesabu haikumuunga mkono. Fedha zikaenda mkoa mwingine. Mzee Elifuraha alipoambiwa aliuliza kama upungufu ungezibwa na siku moja nzuri. Nikasema sijui. Akaniangalia kidogo kisha akaenda kuchonga penseli.

Mama Anaeli aligongwa Jumapili, anatoka kanisani, mwaka haujaisha. Lori la saruji lilikuwa linapanda. Gari dogo nyuma yake likachomoka kulipita, likakutana na basi linaloshuka, likarudi kushoto kwa nguvu, likakosa nafasi mbele ya lori, likaenda ukingoni. Yeye alikuwa ukingoni. Dereva wa lori ndiye aliyemfunika na turubai lake. Alikuja mazishini na shati la kuazima, akarudia kwa kila aliyekaa naye kwamba alikuwa amempungia mkono yule wa nyuma asipite. Hakuna aliyemlaumu. Kulikuwa na watu wa kulaumiwa pale, wamevaa vizuri, wamekaa mstari wa mbele pamoja na ofisi, na hawakulaumiwa.

Jumatatu, wiki mbili baada ya mazishi, Mzee Elifuraha alikuja ofisini mapema na kuweka fomu mezani kwa bosi wetu. Ilikuwa ya Jumapili ya jana yake. Amehesabu peke yake, tangu alfajiri mpaka jua kuzama, kila safu, na pembeni magari yaliyojipanga nyuma. Nilikuwepo. Bosi aliitazama kwa muda. Malori ya siku ile peke yake yalizidi ya siku yoyote ya wiki yetu ya utafiti. Hakuhitaji mchumi kumwambia maana yake.

Alisema pole, mzee. Alisema utafiti umekwisha kufungwa, na hesabu ya mtu mmoja aliyefiwa haiwezi kupelekwa kwa wafadhili, watasema ni uchungu. Alisema kwa huruma, na alikuwa na haraka ya kwenda kwenye kikao. Fomu ikabaki mezani. Mimi niliichukua nikaiweka kwenye jalada ambalo halikuwa na kichwa. Ningeweza kufungua mdomo pale pale. Kusema tu, ni kweli, Jumapili zetu zote ni za kunakili, mimi nilisaini nikijua. Wafadhili wangerudi. Nilimtazama bosi anafunga mkoba wake nikamwachia apite.

Hapo nawaomba msinihurumie. Watu wanaonisikia wakiniambia hayo ni ya zamani, huwa nawauliza ni zamani kwa nani.

Mzee Elifuraha akaacha kwenda kanisani. Kila Jumapili alikaa juu ya jiwe ukingoni mwa mwinuko, na koti lake na ubao, anahesabu. Mchungaji wao alihangaika, mzee wa kanisa anakaa barabarani wakati wa ibada, waumini wanampita na vitabu vya nyimbo mkononi. Akanitumia ujumbe niende nikamwambie apumzike, kwa kuwa mzee ananisikiliza. Nikaenda. Ilikuwa Jumapili yangu ya kwanza kukaa barabarani tangu niajiriwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa upande huu, huko kuna vumbi."

Nikakaa. Malori yalikuwa yanapanda, hayakatiki. Kanisani juu waliimba, na injini zilikuwa zinaufunika wimbo na kuuacha. Nilikaa hapo nusu saa nzima sijasema nilichotumwa. Kisha nikamwambia nisichotumwa. Nilimweleza habari ya Themi, mstari wa malori, kuku, fomu niliyoisaini, na jibu nililompa Bwana Hamisi. Nilisema yote bila kumtazama. Alichora mistari yake mpaka nilipomaliza.

Nilitegemea anifukuze. Nilikuwa nataka anifukuze.

"Ulijua Jumatatu ile," akasema.

"Nilijua, baba."

"Na mimi nilikuwa nayasikia kila Jumapili, hapa hapa, nikiwa ndani ninaomba. Mchungaji alikuwa anapaza sauti kuyashinda." Akachora mstari. "Nilisema, huyu binti amesoma. Siku akiona nimekosea ataniambia. Nilikuwa nakungoja wewe."

Miaka yote nilidhani heshima ni kutomsahihisha mzee, kumbe mzee alikuwa amekaa anangoja asahihishwe, na anaona aibu kuanza mwenyewe. Nimewaza sana habari hiyo tangu nistaafu. Kama kuna mzee ofisini kwenu ambaye fomu zake zinafanana mwaka hadi mwaka, mnaweza kuanzia hapo, na mumwamkie kwanza.

Ibada ikatoka. Watu wakashuka kuja barabarani, kina mama na vitenge vya Jumapili, wazee, watoto wameshikwa mikono, wakapita mmoja mmoja ukingoni, migongo imebanwa kwenye tuta kila lori lilipofika. Walitusalimia kwa sauti ya chini. Mzee Elifuraha aliitazama fomu yake, safu ya gari dogo, ya basi, ya lori. Akaigeuza upande, akatafuta nafasi pembeni, akachora safu ya nne. Hakuipa jina. Akaanza kuwahesabu wale watu, mstari mmoja mmoja, na mimi nikatoa penseli yangu nikamsaidia upande wa chini.